Ubongo Kizimbani: Tabia ya Mtu ni Mzigo wa Nani?

Siku hizi ubongo umekuwa jibu la kila swali. Kijana akimaliza ada ya chuo kwenye kubeti, tunaambiwa ni dopamini. Akiendesha pikipiki kana kwamba ana roho ya akiba, tunaambiwa ubongo wake haukomai hadi atimize miaka 25. Hapohapo, mtoto asiyetulia darasani ni mtovu wa adabu anayehitaji bakora, na mama aliyeanza kusikia sauti wiki mbili baada ya kujifungua kapandwa na majini, apelekwe akaombewe. Kauli zote hizi husikika katika mtaa mmoja, na si ajabu zikatoka kinywani mwa mtu mmoja. Tukimpenda mtu tunataja ubongo wake; tusipompenda tunataja tabia yake.

Mkanganyiko huu ungeishia vijiweni, usingekuwa na madhara makubwa. Lakini umo pia kichwani mwa mwalimu anayeamua nani achapwe, hakimu anayeamua nani afungwe, na serikali inayopanga fedha ngapi ziende magereza na ngapi ziende hospitali. Ikiwa kila tendo la mtu hupitia kwenye ubongo wake, yeye mwenyewe anawajibika kwa kiasi gani?

Kazi inayofanyika bila sisi kujua

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia. Una seli za fahamu zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Habari husafiri ndani ya seli kwa umeme, na kuvuka kutoka seli moja hadi nyingine kwa kemikali. Dopamini ni mojawapo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika bila mwenye mwili kuulizwa. Ukigusa sufuria ya moto, mkono hujiondoa kabla maumivu hayajasikika, kwa kuwa amri imetolewa na uti wa mgongo. Kichwa hupata taarifa baadaye.

Juu ya uti wa mgongo, ubongo wenyewe una ngazi. Shina la ubongo huendesha pumzi na mapigo ya moyo. Amigdala, kipande kidogo kilicho ndani upande wa kila sikio, hushughulika sana na hofu na hatari. Mikondo mingine ya ndani huhifadhi mazoea, ndiyo maana dereva mzoefu hufika nyumbani bila kukumbuka kila kona aliyopinda. Na nyuma ya paji la uso kuna sehemu inayopanga, inayosubiri na inayozuia. Hii ya mwisho ndiyo yenye mgogoro, na makala haya yataizunguka zaidi kuliko nyingine. Habari kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, au kwamba wasanii wanatumia upande wa kulia na wahasibu wa kushoto, tuziache, hazina msingi.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli huko Vermont, Marekani. Septemba 13, 1848, baruti ililipuka na kurusha mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6. Ukaingia chini ya shavu lake la kushoto na kutokea utosini. Aliishi. Aliweza kuzungumza na kutembea, lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu aliyekuwa mtulivu na makini aligeuka mwenye matusi, asiye na subira, anayepanga mambo na kuyaacha njiani. Rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Tangu hapo wazo kwamba mwenendo wa mtu una makao ndani ya nyama ya ubongo halikurudi nyuma.

Hoja ya kwanza: ubongo ndio mwenye kauli

Wanaosimama upande huu wana ushahidi mzito, na wa kisasa kuliko Gage. Mwaka 2000 mwalimu mmoja wa Virginia, mwenye umri wa miaka 40 na asiye na historia ya uhalifu, alianza kuwa na tamaa chafu kwa watoto. Alishtakiwa na kutiwa hatiani. Usiku wa kuamkia hukumu alikimbilia hospitali akilalamika kichwa kinamuuma vibaya. Picha zilionyesha uvimbe wenye ukubwa wa yai ukiikandamiza sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia. Ulipotolewa, tamaa ile ikatoweka. Miezi kadhaa baadaye ilirejea. Wakapiga picha tena, wakakuta uvimbe umeota upya. Ukaondolewa mara ya pili, na tamaa ikaondoka nao. Ni nadra maumbile kutupa jaribio la wazi kiasi hicho.

Dawa nazo zimetoa somo. Wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, hupewa dawa zinazoiga dopamini. Madaktari waligundua kwamba baadhi yao, wazee waliokuwa hawajawahi kucheza hata karata za fedha, walianza kucheza kamari hadi kuuza mali. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 3,000, ulikuta takriban mmoja kati ya saba akiwa na tatizo la kushindwa kujizuia: kamari, ununuzi, ulaji au ngono. Wengi hupata nafuu dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa.

Hapa inafaa kusimama, maana dopamini imesingiziwa mengi. Huitwa kemikali ya raha. Majaribio ya mtafiti Wolfram Schultz kwa nyani, miaka ya 1990, yanaonyesha jambo jingine. Nyani akipewa tone la maji ya matunda bila kutarajia, seli za dopamini huwaka. Akishazoea kwamba taa ikiwaka tone litafuata, seli huwaka kwenye taa. Tone lenyewe likifika, hazishtuki. Taa ikiwaka na tone lisije, hunyamaza kabisa katika sekunde ile ile ambayo tone lilitarajiwa. Kwa hiyo seli hizo hupima tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Mchezaji kamari hahitaji kushinda ili arudi tena. Mkeka wa kubeti uliokosa mechi moja tu unaweza kumrudisha kwa nguvu karibu sawa na mkeka uliolipa, na waliobuni michezo ya simu wanalijua hilo vizuri.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye haraka yake. Uvimbe wa Virginia ni kisa cha mtu mmoja. Watu wengi huota uvimbe mahali hapohapo na hawamgusi mtoto wa mtu. Katika uchunguzi wa Parkinson, sita kati ya saba hawakupatwa na tatizo hilo. Hata Gage, ambaye vitabu humwacha akiwa kaharibika, baadaye alikwenda Chile akafanya kazi miaka kadhaa ya kuendesha mabasi ya kukokotwa na farasi: kuamka alfajiri, kukusanya nauli, kuongoza farasi kadhaa katika njia mbovu. Mtu asiyeweza kujizuia kabisa haiwezi kazi hiyo. Inaelekea ratiba ngumu ya kila siku ilimrudishia sehemu ya kile mtaimbo ulichokiondoa.

Ile habari ya miaka 25 nayo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Lakini hakuna utafiti uliopata mstari katika siku ya kuzaliwa ya 25. Ni mteremko mrefu, unatofautiana kati ya mtu na mtu, na kijana wa miaka 17 anayefikiri bila presha ya wenzake hupima mambo karibu sawa na mtu mzima. Shida humjia akiwa na wenzake, akiwa na hasira, au pikipiki ikishawashwa.

Hoja ya pili: mtu ndiye mwenye kauli

Upande wa pili ni wa dini, wa sheria, na wa wazazi wengi. Unakubali kwamba ubongo unatumika, lakini unasema ni chombo. Mpiga udi hawezi kutoa wimbo nyuzi zikikatika, ila nyuzi hazitungi wimbo.

Hoja hii ilipata mtihani mkubwa mwaka 1983, pale mtafiti Benjamin Libet alipowataka watu wakunje mkono wakati wowote wapendao na waseme ni lini waliamua. Mitambo ilionyesha ubongo ukijiandaa takriban nusu sekunde kabla ya mkono kukunjwa, wakati wahusika waliripoti kuamua kama sehemu moja ya tano ya sekunde kabla. Magazeti yakatangaza mwisho wa hiari. Yalikosea. Kwanza, kukunja mkono bila sababu yoyote hakufanani na kuamua kuoa, kuiba au kuacha pombe. Pili, mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walitoa maelezo mengine: maandalizi yale yanaweza kuwa mabadiliko ya kawaida ya kupanda na kushuka kwa shughuli za ubongo, yasiyo na maana ya uamuzi wowote, ambayo huonekana kama mstari wa kupanda pale tu unapoyapanga ukihesabu kurudi nyuma kutoka kwenye tendo. Mjadala haujafungwa, lakini ushahidi wa Libet hautoshi kumzika mtu anayeamua.

Nguvu kubwa ya hoja hii ni ya kivitendo. Watu huacha sigara. Watu hubadilika wakijua kuna adhabu, au kuna anayewategemea. Jamii isiyomdai mtu chochote kwa matendo yake haiwezi kumsifu wala kumwamini pia. Tatizo ni kwamba hoja hii hudhani hazina ya nia ni sawa kwa kila mtu na kila siku. Mlinzi aliyekesha siku tatu, mama mwenye sonona kali na mlevi wa miaka kumi wote wana nia, ila nyenzo ya kuitekelezea imepungua. Kumwambia aliyevunjika mguu ajitahidi tu akimbie, hakuna anayethubutu.

Hoja ya tatu: ubongo wenyewe umetengenezwa

Upande wa tatu unauliza ubongo huo umetoka wapi. Hapa Afrika Mashariki ina ushahidi wake yenyewe, na kwa maoni yangu ndio unaopuuzwa kuliko wote.

Chukua malaria ya ubongo. Mtoto hupandisha homa, hupata degedege, kisha hupoteza fahamu. Akiamka, ukoo unashukuru Mungu na habari inaishia hapo. Tafiti zilizofanywa kwa watoto waliotibiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, zilikuta kuwa miaka miwili baadaye takriban robo ya walionusurika walikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza, na baadhi walionyesha ukorofi na kutotulia ambako hakukuwapo kabla ya ugonjwa. Kilifi nako, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, waliandika kuhusu kifafa na matatizo ya lugha yaliyobaki baada ya ugonjwa huo. Sasa mfuate mtoto huyo hadi darasa la tatu. Anasahau alichoagizwa, anasimama ovyo, anampiga mwenzake. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inaviruhusu kwa kanuni. Katika nchi zote mbili mtoto huyo ataitwa mtukutu, na hakuna atakayekumbuka wodi aliyolazwa akiwa na miaka minne.

Chukua madini ya risasi. Yakiingia mwilini mwa mtoto hupunguza uwezo wa akili na wa kujizuia, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa miongo mingi tuliyavuta kutoka kwenye moshi wa magari. Nchi zilizo kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani mwaka 2021. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walilishwa sumu hiyo na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichojengwa ukutani mwa nyumba zao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikatengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha tuzo hiyo. Fidia ilihesabu magonjwa na vifo. Hakuna mizani ya kupima hasira ya kijana aliyekulia pale.

Na huo ndio udhaifu wa hoja ya tatu. Inasema kweli kuhusu kundi, halafu inanyamaza kuhusu mtu mmoja. Huwezi kumsimamisha kijana wa Owino Uhuru na kusema kisu hiki kilishikwa na risasi iliyomo damuni mwake. Kaka yake alivuta moshi uleule na sasa ni fundi seremala mpole.

Ushahidi wake bora ni ule wa kubadilisha mazingira na kuona kinachotokea. Nchini Romania, watafiti waliwachukua watoto 136 waliokuwa wakikulia katika vituo vya yatima vya Bucharest na kuwagawa kwa bahati nasibu: nusu wakapelekwa kwa familia za kulea, nusu wakabaki katika utunzaji wa kawaida. Waliopata familia walifanya vizuri zaidi, hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili, na tofauti ilionekana hata kwenye vipimo vya umeme wa ubongo. Vita vya Vietnam vilitoa mfano wa pili. Karibu askari mmoja kati ya watano wa Marekani aliyehojiwa alisema alikuwa mtumwa wa heroini akiwa vitani. Waliporudi nyumbani, walioendelea kuwa watumwa wa dawa hiyo mwaka wa kwanza walikuwa wachache mno, kinyume na hofu ya serikali. Dawa ile ile, miili ile ile, maskani tofauti.

Tanzania ilianza kuwapa watumiaji wa heroini methadoni katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu; dawa hukaa mahali palepale ambapo heroini hukaa kwenye seli, bila kumlevya kwa kishindo, na arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, hutulia. Hiyo ni kazi ya hoja ya kwanza. Lakini akitoka getini, kama hana kazi na rafiki pekee alionao wako kijiweni kulekule, kikombe cha asubuhi kinapambana na saa zote zilizobaki za siku.

Sheria imeshika wapi

Mwaka 1843 Daniel M'Naghten, aliyeamini kuwa serikali inamwandama, alimpiga risasi na kumuua katibu wa waziri mkuu wa Uingereza. Kanuni zilizotokana na kesi hiyo ziliingia Afrika Mashariki pamoja na sheria za kikoloni, nazo huuliza mambo mawili: je, alijua anachokifanya, na alijua kwamba hakifai? Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado kimesimama hapo. Kifungu cha 13 cha Tanzania kina hayo mawili, kisha kinaongeza la tatu: kwamba kwa sababu ya ugonjwa, mtu hakuwa na udhibiti wa tendo lake.

Nyongeza hiyo ndogo ina uzito. Mwalimu wa Virginia alijua kabisa kuwa anachokifanya ni uovu, alijificha. Kujua na kujizuia ni kazi mbili, na ubongo unaweza kupoteza moja ukabaki na nyingine. Kwa Kenya, mtu kama yeye ana hatia kamili. Kwa Tanzania ana angalau mlango wa kubisha.

Mlango huo una gharama zake. Kila mwizi anaweza kusema alishindwa kujizuia, na picha ya ubongo haiwezi kumsuta wala kumtetea peke yake, kwa kuwa inaonyesha hali ya leo, si ya usiku wa tukio. Vipimo ni ghali na viko mijini, hivyo utetezi wa ubongo unaweza kugeuka haki ya wenye fedha. Kisha kuna yanayofuata baada ya kushinda. Kenya imekuwa ikiwaandikia watu wa namna hii kwamba wana hatia lakini ni wendawazimu, na kuwaweka kizuizini kwa ridhaa ya Rais bila tarehe ya kutoka. Majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutamka kuwa utaratibu huo unakiuka Katiba. Tanzania huwapeleka Isanga, Dodoma, chini ya Hospitali ya Mirembe. Wakili mwerevu anaweza kumshauri mteja wake mgonjwa akubali miaka saba ya jela, kwa kuwa jela ina kalenda.

Kuhusu umri na ulevi sheria haina uthabiti wa kujivunia. Kenya ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12 mwaka 2022. Tanzania ni miaka 10, na chini ya 12 lazima ithibitike kuwa mtoto alijua kosa lake. Aliyelewa kwa hiari hapewi nafuu ila katika hali chache, ingawa breki za ubongo wake zilikuwa zimelegea kama za mgonjwa. Hapo naona sheria iko sawa: alikuwa na udhibiti alipoinua glasi ya kwanza.

Mizani

Hoja ya kwanza na ya tatu hazipingani hata kidogo. Malaria, sumu, malezi na njaa haviifikii tabia kwa kupitia hewani; vinapita kwenye ubongo. Ugomvi wa kweli ni kati ya hizo mbili na ile ya nia, na unahusu udhibiti. Mimi nasimama hapa: kuwajibika ni suala la kiasi, na kiasi hicho hufuata uwezo wa mtu wa kuelewa na kujizuia wakati wa tendo. Uwezo huo hupimwa kwanza kwa mwenendo, kisha kwa mashine. Tabia ilibadilika ghafla kwa mtu mzima asiye na historia hiyo? Kuna ugonjwa au jeraha linalotambulika, lililotangulia mabadiliko? Je, aliahirisha tendo lake alipomwona askari? Anayeweza kusubiri askari apite ana breki, hata kama ni mbovu. Kwa kipimo hiki, mcheza kamari wa kawaida anabaki na deni lake, hata kama dopamini yake inafanya kazi kama Schultz alivyoeleza. Aliyeanza kamari baada ya kupewa dawa ya Parkinson anasamehewa sehemu kubwa, na kazi inahamia kwa daktari aliyeandika dozi.

Kenya ikiongeza kipengele cha udhibiti katika kifungu cha 12, pamoja na tarehe ya lazima ya kupitia upya kila kizuizi cha mgonjwa, itakuwa imesahihisha jambo ambalo sayansi ililifungua zamani. Hilo litawagusa watu wachache kwa mwaka. Wengi wako madarasani. Kwa hiyo mwalimu mwenye mtoto asiyetulia amwulize mzazi swali moja kwanza: aliwahi kulazwa akiwa na degedege au akiwa hajitambui? Jibu likiwa ndiyo, mtoto huyo apelekwe kituo cha afya kabla hajapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu.